Kimbunga cha Florida Kilivyotua Kadutu

Shemeji yangu, kitinda mimba wa kwao mke wangu, anaishi Florida. Kule msimu wa vimbunga huanza tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na mwaka ule alitutumia kwa WhatsApp orodha ya namna wanavyoandaa nyumba. Nadhani alitaka tu tumwonee huruma. Mimi nikaichukua kama amri. Ilikuwa mwanzo wa Septemba, mvua za Bukavu ziko mlangoni, na mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea. Mwanamume mwenye mama mkwe nyumbani hutafuta kazi ya kuonekana.

Maji ya kunywa, galoni moja kwa mtu kwa siku, kwa siku tatu. Galoni yao ni karibu lita nne, nasi tuko saba: lita 84. Bomba letu hutoa maji siku likijisikia. Likajisikia Jumanne usiku, nikajaza mabidoni, ndoo, beseni, sufuria, hata birika. Mke wangu akauliza kesho atapikia kwenye nini. Nikamwambia orodha haijafika hapo.

Madirisha nikayapigilia tripleksi. Vitu vya nje vinavyoweza kurushwa na upepo nikaviingiza ndani: viti, mbao, na kuku watano. Redio ya betri nikamkabidhi mama mkwe, asikilize matangazo ya upepo. Karatasi muhimu nikazifunga kwenye mfuko usiopitisha maji. Hizo nilizifunga peke yangu, chumbani, kwa sababu mlikuwa na diploma yangu ya serikali, na siku ya kuposa nilisema nilipata asilimia 68. Posa ina mambo yake.

Fahari yangu hasa ilikuwa magunia kumi ya mchanga. Niliyapanga nje ya mlango wa mbele, kimo cha goti, nikayazungushia shitingi. Majirani wakaja kutazama. Mmoja akauliza mchanga nauza bei gani.

Sasa, nyumba yetu iko Kadutu, hapa Bukavu, kwenye mteremko. Juu yetu anakaa mwalimu wa jiografia, chini yetu mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mvua kubwa ikinyesha, maji hushuka kutoka kwa mwalimu, huingia kwa mlango wa jikoni, hupita koridoo, hutoka kwa mlango wa mbele, mke wangu akiyasindikiza kwa fagio kama mgeni aliyenyimwa chai. Miaka tisa nimeyaona yakipita njia hiyo hiyo. Na bado magunia nikayaweka mbele.

Alhamisi usiku mbingu zikapasuka. Upepo? Hata pazia halikutikisika. Niliamka kwenda kukagua nikakanyaga maji yaliyofika kwenye kifundo. Yalikuwa yameingia kama kawaida yao, yakafika mlango wa mbele, yakakuta ngome yangu, yakaamua kulala. Madirisha yote yamezibwa, hatuoni nje.

“Mukwe, ni ziwa limepanda?” mama mkwe akauliza. Kutoka Kadutu hadi ziwani unashuka mpaka magoti yanalia.

Nikasukuma mlango. Mlango wetu hufungukia nje, na nje kuna magunia kumi yaliyolowa. Nikaagiza ndoo tuchote maji. Ndoo zote zimejaa maji.

“Mwaga!”

“Simwagi!” mke wangu akasema. “Bomba litarudi lini?”

Basi tukachota maji machafu kwa sahani, huku maji safi lita 84 yakitutazama. Kuku walikuwa wamejipanga kwenye mgongo wa kochi kama waumini. Mama mkwe alikuwa juu ya meza, redio sikioni. “Wametangaza matanga matatu,” akaniarifu. “Upepo bado.”

Ikabidi nitokee jikoni, nizunguke nyumba gizani, nianze kung'oa magunia. Mwalimu akaniona, akashuka na tochi.

“Jirani, ungeniuliza. Kimbunga hakizaliwi hapa. Kinataka bahari yenye joto, tena kinataka mzunguko wa dunia uusokote upepo, na karibu na ikweta nguvu hiyo ni ndogo mno. Sisi tuko digrii mbili na nusu tu.”

Nilimsikiliza nikiwa nimekumbatia gunia. Maji aliyosimama ndani yake yalikuwa yametoka uani kwake, lakini kuhusu hilo jiografia haikuwa na neno.

Gunia la nne lilipotoka, mlango ukafunguka wenyewe. Maji yakatoka yote kwa mkupuo, yakabeba kandambili, fagio, kuku mmoja na mfuko wa karatasi, yakateremka navyo gizani.

Asubuhi mama wa sambaza akapanda na kuku kwapani na mfuko mkononi. Lazima niseme ukweli, ule mfuko ulifanya kazi: hata tone halikupenya. Mama mkwe akaupokea, akavaa miwani, akasema ahakikishe kama hakuna kilicholowa. Akatoa karatasi moja moja, akizipanga mezani. Kwenye moja akakawia.

“Mukwe,” akasema. “Hamsini na moja?”

Nilichukua beleshi nikaenda nyuma ya jikoni kuchimba mtaro. Mvua ilikuwa bado inanyesha.