Redio Yetu Imezaliwa Tena

Jumatatu asubuhi, nikiwa nimening'inia mlangoni mwa daladala ya Mbagala kwa mguu mmoja, dereva alifungulia redio yetu ya siku zote, na badala ya rumba ya kutupeleka kazini akatoka kijana mwenye sauti ya mnadani, akatangaza kwamba kuanzia leo kituo kimezaliwa upya. Kituo hiki kimezaliwa upya mara nyingi kiasi kwamba sasa ningeomba kuonyeshwa cheti chake cha kuzaliwa.

Sisi tuliokuzwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, ambako bendi za Msondo na Sikinde zilirekodiwa katika studio za redio yenyewe na tangazo la kifo lilisikilizwa nyumba nzima ikiwa kimya, hatukuwa na mazoea ya kuchagua. Ikaja sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, mwaka uliofuata Radio One ikaingia hewani, na baada yao vikafuata vituo vya kila namna, hiki chetu kikiwa miongoni mwao. Kilianza na zilipendwa na kadi za salamu. Kikahamia Bongo Fleva asubuhi hadi jioni, kikaongeza taarabu na umbea wa mchana, kikaingia singeli, kisha amapiano. Sasa asubuhi yote ni uchambuzi wa Simba na Yanga pamoja na matangazo ya mikeka ya kubashiri mechi, na wimbo ukibahatika kupigwa, mtangazaji huongea juu yake mpaka uishe.

Muuza duka wangu anasema vijana ndio wenye fedha, na nikiwatazama wanavyokopa sigara mojamoja kwake, nashindwa kumwelewa. Binti yangu anashauri nisikilize nyimbo kwenye simu, bila kutaja nani atanunua bando.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa taratibu, niliamua kupiga simu studio na kuwasilisha malalamiko yangu kistaarabu.

"Niaje, mwanangu! Uko hewani, punguza sauti ya redio yako!"

Nilisubiri shikamoo kwa muda unaostahili. Haikuja.

"Ndugu mtangazaji," nikaanza, "kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya wasikilizaji wa umri wangu..."

"Dingi ana mzuka!" akapiga kelele, na kikafuatia king'ora ambacho nadhani kiliwekwa kwa ajili ya moto. "Taja kwanza kaulimbiu yetu mpya, uingie kwenye droo!"

Nilimweleza kwamba siijui kaulimbiu mpya, kwa sababu hata ile ya mwezi uliopita nilikuwa bado sijaishika. Akaniuliza kama mimi ni Simba au Yanga. Nikamjibu kwamba mimi ni mpenzi wa rumba. Akauliza rumba ilifungwa na nani. Hapo, nakiri, heshima ilinitoka, nikafoka kwa nguvu zote: "Tangu nizaliwe sijawahi kusikia redio kama hii!" Simu ikakatwa, king'ora kikalia tena.

Jioni, katikati ya uchambuzi wa kona iliyopigwa mwaka jana, kilipita kibwagizo kipya cha kituo, na ndani yake, juu ya ngoma za amapiano, ilikuwemo sauti yangu: "Tangu nizaliwe sijawahi kusikia redio kama hii!" Kinapigwa kila baada ya matangazo ya mikeka. Kondakta wa daladala ameshaitambua sauti hiyo na ananiita balozi, ingawa nauli anadai ileile.

Shemeji yangu wa Morogoro amepiga simu kunipongeza kwa kazi mpya na kuuliza wanalipa kiasi gani, maana ana ada ya mtoto. Nimemweleza jambo zima tangu mlangoni mwa daladala hadi kwenye king'ora, akanisikiliza kwa utulivu, kisha akasema kwamba watu wakipata huwa wanabadilika, na kwamba mwisho wa mwezi atakuja Dar es Salaam mwenyewe tuongee ana kwa ana.