Bahati Nzuri Shemeji Hanywi

Mimi sinywi mvinyo. Nalisema mapema ili ujue kwa nini Alhamisi usiku, hapa kwangu Bilbao, Hispania, watu watatu walikubaliana kwa kauli moja kwamba dereva wa safari ya Rioja, kule kwenye mashamba ya mizabibu, ni mimi. Sikupiga kura. Nilikuwa jikoni nasugua sufuria, nikasikia tu shemeji anasema, "Bahati nzuri shemeji hanywi." Bahati nzuri ya nani?

Huyu shemeji, kaka yake Mama Neema, kaja na mkewe kutoka Hamburg. Kabla hajavua viatu keshaulizia bodega, maana ndivyo huku wanavyoita kiwanda cha mvinyo na ghala lake. Rioja bodega ziko mamia. Kwa siku moja, ukijitahidi sana, unatembelea tatu, na hiyo ya tatu anaikumbuka dereva peke yake. Orodha iliyokuwa mezani ilikuwa na tisa.

Mama Neema anataka Elciego, kwa Marqués de Riscal. Mvinyo? Wapi! Anataka picha. Pale kuna hoteli aliyoichora Frank Gehry, ikafunguliwa 2006, paa lake mikunjo mitupu ya titani, zambarau na dhahabu, utadhani mtu kaanika kanga za harusi upepo ukazikamata. Wifi yake naye anataka Ysios, kule Laguardia, kwa sababu paa alilolichora Calatrava linakwenda mawimbi mawimbi kama milima iliyo nyuma yake. Nikauliza, jamani, tunakwenda kuonja mvinyo au kukagua mabati? Nikaambiwa nirudi kwenye sufuria zangu.

Shemeji ni mtu wa vitu vya kale. Anataka Haro, kwa López de Heredia, iliyoanza 1877, ambako utando wa buibui mle mahandakini haufagiliwi, kwa vile buibui ndio wanaokula nondo wanaoharibu vizibo. Nikamtazama Mama Neema. Hapa nyumbani utando mmoja tu nyuma ya kabati unanilaza sebuleni. Haro watu wanalipa kiingilio kuutazama. Halafu kuna Muga, ambako mvinyo bado unasafishwa kwa ute wa mayai. Hapo na mimi nikapata swali: viini je, vinakwenda wapi? Hakuna aliyenijibu, na mpaka leo linaninyima raha.

Sasa kasheshe ni saa. Bodega nyingi zinataka uweke nafasi kabla. Ziara ni saa nne au saa sita, na ikigonga saa nane mchana Wahispania wanakwenda kula, na wakishakaa mezani kuwainua ni kazi. Mtu akichelewesha Elciego kwa kutafuta upande wake mzuri wa uso, Haro mmeikosa. Gran reserva, yaani mvinyo wa Rioja unaolazwa muda mrefu, haiuzwi mpaka itimize miaka 5, angalau 2 ndani ya pipa. Mvinyo unavumilia miaka 5, shemeji hawezi kuvumilia nitafute pa kuegesha.

Mimi ni mtoto wa Dodoma. Zabibu nimezivuna kabla sijajua kusoma, na kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka. Hawa wanavuna mara moja, kisha mzabibu unapukutisha majani unalala. Nilipolitoa hilo nikidhani nitapata heshima kidogo, shemeji akasema, "Kumbe mtaalamu ni wewe! Chagua basi."

Nikachagua kitaalamu: Haro, Barrio de la Estación, yaani mtaa wa stesheni. Reli ilipofika 1863, wafanyabiashara walijenga bodega zao palepale stesheni ili mapipa yapakiwe upesi, kwa hiyo zile kongwe zimebanana, unatoka hii unaingia ile kwa miguu. Gari unaegesha mara moja. Utaalamu wenyewe ndio huo. Mama Neema nikamtuliza kwamba pale kwa López de Heredia kuna duka lililochorwa na Zaha Hadid, lina umbo la chupa ya kumiminia mvinyo. Akakubali, shingo upande.

Jumamosi wakanusa, wakazungusha glasi, wakahamisha mvinyo shavu hili kwenda lile, wakatema kwenye ndoo. Watu wazima, wamelipa, wanatema! Bodega ya kwanza shemeji alitema vizuri tu. Ya pili akasahau ndoo iko wapi. Ya tatu akaanza kumfundisha mwenyeji wetu historia ya Rioja, kwa Kijerumani. Mimi nikaletewa mosto. Juisi ya zabibu! Nimeendesha kilomita kama 100 kuja kununua kitu nilichokuwa nakula bure shambani kwa baba.

Wakati wa kurudi walilala wote watatu, midomo wazi. Shemeji alizinduka mara moja, kuniuliza kama nina nafasi tarehe 29 Juni. Siku hiyo watu wa Haro wanapanda mlimani na nguo nyeupe, wanamwagiana mvinyo kwa ndoo na kwa yale mabomba ya mgongoni, kama tuliyokuwa tunapulizia dawa mizabibu Dodoma, mpaka kila mtu anakuwa zambarau.

"Wewe si hunywi, shemeji? Utatungoja kwenye gari."

Jumatatu nimekwenda kununua nailoni ya kufunika viti.