Kuegesha au Kuendelea: Madereva wa Malori na Theluji ya Marekani

Kila majira ya baridi yanapoingia, madereva wa malori ya masafa marefu nchini Marekani hugawanyika katika kambi mbili. Kambi ya kwanza huihesabu theluji kuwa sehemu ya kazi: aliyejifunza kufunga minyororo ya matairi, kuacha nafasi kubwa mbele yake na kutotumia breki ya injini juu ya barafu hana sababu ya kusimama. Kambi ya pili hushikilia kwamba hakuna mzigo unaolingana na uhai wa mtu, na kwamba dereva hodari ni yule anayeegesha mapema, kabla maegesho hayajajaa. Mjadala huu unawahusu pia wazungumzaji wengi wa Kiswahili waliohamia huko kutoka Kongo, Kenya na Burundi na kuingia katika kazi ya malori.

Kambi ya kwanza inastahili kusikilizwa kwa makini, kwa sababu ujuzi wa baridi haupatikani kwa kuikwepa. Katika barabara ya I-80 huko Wyoming, kati ya Laramie na Rawlins, upepo huinua theluji iliyokwisha kuanguka na kuifuta barabara machoni pa dereva hata siku ambayo anga juu ni jeupe. Aliyepita pale mara nyingi anajua kwamba tela tupu ndilo linaloangushwa na upepo, na hungoja siku ipite iwapo hana uzito nyuma. Katika barabara ya I-70 huko Colorado, sheria inawataka madereva wa malori wabebe minyororo kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, theluji iwe imeanguka au la. Anayeamua kubaki kusini asifikiri amesalimika. Tarehe 11 Februari 2021, mjini Fort Worth, Texas, utando wa barafu katika barabara ya I-35W ulisababisha magari zaidi ya 130 kugongana na watu sita wakafariki.

Hata hivyo, wanaojisifia baridi kali hulisahau jambo moja. Barafu huteleza zaidi joto linapokaribia nyuzi sifuri, wakati maji membamba yanapokaa juu yake, kuliko inapokuwa kavu kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri. Kwa hiyo dereva aliyezoea Januari ya North Dakota, jimbo la kaskazini lenye baridi kali, anaweza kupoteza tela lake huko Tennessee, kusini zaidi, asubuhi ambayo haionekani kuwa ya kutisha hata kidogo.

Kuishi ndani ya baridi hiyo ni sura nyingine ya kazi. Dizeli ya kawaida hutoa chembe za nta zinazoziba chujio, na dawa ya kuizuia hali hiyo lazima iwekwe kwenye tanki kabla mafuta hayajaganda. Dereva aliyeegesha baada ya kupita kwenye maji huweza kuamka na kukuta breki za tela zimegandamana na madramu, yaani ngoma za chuma za magurudumu ambazo breki huzibana: lori linavuta, magurudumu hayazunguki, na mwenyewe huingia chini ya tela na nyundo, akigonga dramu moja baada ya nyingine huku vidole vikifa ganzi. Wapo, na nawaamini, wanaopenda msimu huu kwa dhati, kwa sababu barabara ni tupu na usingizi ni mtamu ndani ya kabini yenye heta inayofanya kazi. Heta ikiharibika, mapenzi hayo huisha usiku huohuo.

Kwa maoni yangu, wanaoegesha ndio wenye haki, na sheria ya shirikisho iko upande wao: inaagiza kwamba hali ikiwa ya hatari kiasi cha kutosha, safari isimamishwe mpaka iwe salama kuendelea. Tatizo ni kwamba wengi hulipwa kwa maili, na lori lililosimama haliingizi kitu. Januari 2009, huko Illinois, breki za tela la dereva mmoja ziliganda na kabini yake haikuwa na joto. Alisubiri fundi kwa saa kadhaa hadi mwili ukaanza kufa ganzi, akaambiwa asiliache tela, akalifungua na kwenda na kichwa cha lori kutafuta joto. Alifukuzwa kazi. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ilimpa haki kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Aliyepinga, Neil Gorsuch, ambaye sasa ni jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, alisema sheria humlinda anayekataa kuendesha, ilhali huyu aliendesha. Miaka saba ilipita ili mtu aambiwe kwamba hakukosea kujiokoa.

Ndiyo maana siwezi kuuona mjadala huu kuwa wa ujasiri na woga. Dereva mwenye kodi ya nyumba ya kulipa huendelea kwenye barafu ambayo angeikataa kama siku ya kusubiri ingekuwa na malipo. Anayetafuta ajira msimu huu aulize kabla ya kutia saini: barabara ikifungwa, nalipwa kiasi gani kwa siku, nani ana kauli ya mwisho kati yangu na dispacha, yaani mtu wa kampuni anayepanga safari, na heta ya kabini ilikaguliwa lini?