Mchunga Uacheni Jikoni

Jumamosi iliyopita sokoni, hapa Tanga mjini, nilisimama baina ya wauzaji wawili mpaka damu ikanichemka. Kulia kwangu mama mmoja mtu mzima katandika gunia, kapanga mafungu ya mchunga mbichi, ile mboga chungu ya majani, maji bado yanatiririka kwenye majani. Fungu shilingi 500, na hakuna anayeinama. Kushoto kijana ana spika, meza imejaa pakiti za unga wa kijani, moja shilingi 10,000, na watu wamemzunguka. Spika inataja sukari, presha, vidonda vya tumbo, uzazi, nguvu za kiume, miguu kuwaka moto. Nilimuuliza unga ule ni wa majani gani. Akasema ni mchanganyiko, siri ya babu yake. Nikamuuliza mzee anayemeza vidonge vya presha anywe kiasi gani. Akanijibu vidonge aachane navyo.

Nilinunua mchunga, mafungu manne, nikaondoka kabla sijamtolea maneno mazito.

Asije mtu kuniambia nadharau vya asili. Mama yangu ni mtu wa Muheza, na masika yakishika kwao mboga hainunuliwi. Mchunga unaota wenyewe katikati ya mihogo, mnavu uko nyuma ya nyumba, matembele na majani ya maboga yanatambaa kila mahali. Tumekula hivyo tukakua. Ninachokataa ni kuyatoa majani haya kwenye chungu, ambako kila mtu anayaona na kuyajua, na kuyasaga yawe unga usio na jina.

Mchunga unachumwa ungali mchanga, kabla haujatoa maua ya njano. Ukiukata unatoka utomvu mweupe unaonata vidoleni. Unauosha vizuri, unauchemsha kidogo, unamwaga maji, unaukamua kwa kiganja mpaka ubaki donge, kisha unaukatakata. Unakaanga kitunguu na nyanya, unatia tui jepesi, likichemka unaingiza mchunga. Tui zito linakuja mwisho, na hapo usitoke jikoni hata mtu akikuita mlangoni: koroga taratibu lisikatike. Ukishaepua, kamulia ndimu. Bada, yaani ugali wa muhogo, pembeni, dagaa wa kukaanga, basi. Uchungu unabaki kidogo nyuma ya ulimi, na ndivyo unavyotakiwa. Anayeuchemsha mara tatu hadi ufanane na mchicha ameutesa bure.

Sasa angalieni yaliyomo katika sufuria hiyo. Jani linajulikana. Aliyelichuma yupo, ukimuuliza kalitoa wapi atakuambia, na unapaswa kumuuliza, maana siku hizi mashamba mengi yanapigwa dawa ya magugu na mengine yako kando ya dampo. Kiasi kinajulikana: ni mboga ya watu sita, na hakuna atakayekula sahani tano. Msimu nao una kazi yake. Masika yakipita mchunga unakomaa, unakuwa mkali, tunahamia kwenye kunde na vingine, mwili haulishwi kitu kimoja mwaka mzima. Unga wa kwenye pakiti hauna hata kimoja kati ya hivyo. Jani hulijui, umri wake huujui, kijiko kimoja kina nguvu gani hujui, na unaambiwa unywe kutwa mara tatu miezi sita mfululizo.

Huwa najibiwa: cha asili hakina madhara. Jamani, sisi ndio watu wa mwisho wa kusema hivyo. Pale Amani, juu ya Muheza, Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902, wakapanda na miti ya kwinini. Gome la mti ule lilitibu malaria kwelikweli. Na kila aliyewahi kupewa kwinini anakumbuka masikio yalivyovuma. Ikizidi kipimo inagusa moyo. Ni mti ule ule, unaponya na unadhuru, na kinachotenganisha ni kipimo. Mwarobaini tunaousifia kutwa, mjamzito anaambiwa auache, na mafuta yake yameshawadhuru watoto wadogo walionyweshwa.

Shangazi yangu aliacha vidonge vya presha kwa sababu ya unga kama ule. Aliambiwa mwili wake unasafishwa, akaamini, na kwa kuwa presha haiumi hakujua kwamba imepanda. Kiharusi kilimkuta anaanua nguo. Mkono wa kulia haujarudi mpaka leo, na ule ndio uliokuwa ukikuna nazi ya nyumba nzima. Kwa hiyo mtu akiniambia nawaharibia vijana riziki, namsikia, lakini simwelewi.

Tiba za jikoni ninazo na nazitumia. Upepo wa kusi ukianza na mafua yakaingia nyumbani, machungwa ya Muheza nayo yamejaa, yanaliwa kwa kapu. Mchaichai unachemshwa na tangawizi iliyopondwa, ndimu na asali vinatiwa kikombeni chai ikishapoa kidogo. Hakuna anayepona mafua kwa hiyo chai, yanaisha yenyewe, ila koo linatulia na mtu analala. Asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata kulambishwa. Jino likiuma, karafuu inatuliza mpaka ufike kwa daktari. Mtu akiharisha, majani ya mpera sawa, lakini kwanza akorogewe pakiti ya chumvichumvi ya kuharisha (ORS) kwenye lita moja ya maji safi, maana kinachoua ni kuishiwa maji. Mzazi aliyetoka kujifungua apikiwe uji wa pilipili manga apate joto na nguvu. Mtoto akichemka homa, akapimwe damu. Malaria ikionekana apewe dawa mseto, ambayo nayo chimbuko lake ni mmea, isipokuwa imechujwa na kupimwa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wapo waganga wa kweli. Wapo wanaojua mti, mzizi na kiasi, na wanaomwambia mgonjwa waziwazi: hili si langu, nenda hospitali. Nakubali pia kwamba unga wa mlonge ukikaushwa kivulini na mtu unayemfahamu ni chakula kizuri cha kutia kwenye uji. Hao sigombani nao.

Ila sheria ya tiba asili na tiba mbadala tunayo tangu mwaka 2002, na baraza la kusajili waganga na dawa zao lipo. Afisa afya anapita sokoni kila mara kuangalia samaki na nyama. Apite na kwenye meza za unga. Jina la mmea liandikwe kwenye pakiti, kipimo kiandikwe, namba ya usajili ionekane. Visipokuwepo, meza ikunjwe siku hiyo hiyo, na spika izimwe.