Kuku Aliyemeza Dadu Ukweni

Siku ya Saba Saba, tarehe saba ya mwezi wa saba, ukweni kwangu Mikindani ilipigwa marufuku kutamka saba. Aliyepiga marufuku ni Mjomba wa mke wangu, na kwa watu wa Kusini mjomba akishasema mbele ya wapwa zake, imekwisha. Hata baba mzazi hungoja zamu. Redio ilizimwa, maana mtangazaji wa maonyesho ya Dar es Salaam alikuwa hamalizi sentensi bila kulitaja hilo jina.

Mjomba aliizunguka dunia akikaanga mayai kwenye meli ya watalii. Mapumziko yake aliyamalizia mlangoni mwa kasino ya humo melini, akitazama abiria wanavyocheza kreps, mchezo wa kurusha dadu. Yeye hakuruhusiwa kucheza. Aliporudi nyumbani hakuja na hela za kutisha, ila alikuja na kanuni za mchezo huo, na siku hiyo akatuchezesha.

Meza ilikuwa mtumbwi mkuukuu uliopasuka ubavu, umeegeshwa juu ya mawe ya matumbawe chini ya mwembe. Msicheke, ulifaa: meza ya kasino nayo ni ndefu na ina kuta pande zote, na dadu inatakiwa igonge ukuta wa mbali. Ukuta wetu wa mbali ulikuwa omo, yaani pua ya mtumbwi. Dadu zilitoka kwenye ludo mbili tofauti, moja nyeupe na moja nyekundu, hazizidi punje ya hindi lililonona. Mjomba alizivuta kwa kishikio cha bakora yake, kwa sababu kasinoni yuko mtu maalumu wa kuzivuta kwa kijiti. Hazipokezanwi mkono kwa mkono.

Dau ni korosho za kukaanga za msimu uliopita. Tungeweka pesa ingekuwa kamari, na ustadhi wa madrasa hupita hapo akienda msikitini. Hata hizo korosho sijui tungejieleza vipi. Benki alikuwa shemeji yangu mdogo, na ilipungua kila alipotafuna.

Mchezo wenyewe si mgumu. Ukirusha dadu mbili zikatoa, tuseme, nane, basi nane ndiyo namba yako, na utaendelea kurusha mpaka irudi. Ikitangulia ile nyingine umekufa, na wote waliokuwekea dau wamekufa nawe. Na ile nyingine ina mbio kweli. Dadu mbili huanguka kwa namna 36, na namna 6 kati ya hizo ni yenyewe. Hakuna jumla yenye njia nyingi kuliko hiyo. Nane ina njia 5. Ndiyo maana wachezaji hawaitaji mezani, wanaamini ikisikia jina inaitika. Sisi tulikubaliana kuiita mdogo wake nane. Jirani mmoja aliyetaka kutumiwa hela ya salfa ya mikorosho yake aliisoma namba yake ya simu, "Sifuri, mdogo wake nane, tano, nne, mdogo wake nane tena," mpaka ile hela ikaponea chupuchupu kwenda kwa mtu wa Masasi.

Kilichonitoa jasho ni adabu. Mimi nimelelewa kumpa mkubwa kitu kwa mikono miwili huku nimeinama kidogo, na hapa niko ukweni, nainama zaidi. Nikampa Mjomba korosho zangu hivyo hivyo. Akarudi nyuma kana kwamba nimemshikia nyoka. Kasinoni mhudumu hapokei kitu mkononi mwako. Unakiweka mezani, ndipo akichukue. Kwa hiyo nikawa namtupia mjomba wa mke wangu korosho mtumbwini, na mama mkwe anachungulia dirishani anaona. Dadu nazo ukizishika kwa mikono miwili wanashuku unazibadilisha. Zikiwa hewani, mikono ya kila mtu iwe nje ya meza. Zikigusa kidole cha mtu na ikatoka ile, mwenye kidole hasemeshwi.

Kuna na hili: mwanamke anayerusha kwa mara ya kwanza ana bahati, mwanamume wa mara ya kwanza ana mkosi. Mjomba ana ushahidi. Mwaka 2009 huko Atlantic City, Marekani, bibi mmoja mgeni wa mchezo, Patricia Demauro, alirusha mara 154, kwa muda wa saa nne na dakika 18, kabla ile haijamtoa mchezoni. Basi akamwita mke wangu. Mke wangu akajibu kuwa ana nazi ya kukuna.

Nikarusha mimi. Zikatoka tano na tatu, nane. Watu wakapata moyo, wakanimiminia korosho, hata benki ikaacha kutafuna. Nikazishika tena kwa mkono mmoja, nikavuta pumzi, nikaziachia, na papo hapo sauti ya Bibi, nyanya wa mke wangu, ikatoka jikoni:

"Nyie! Saa saba hii, hamli?"

Nyeupe ilitua vizuri. Nyekundu iligonga omo, ikaruka nje ya mtumbwi, ikabiringika mchangani. Kuku mweusi akaja mbio, akaitazama kwa jicho moja, akaimeza.

Bibi halaumiwi pale kwao. Macho yote yakanigeukia mimi, mgeni mwenye mkosi.

Mjomba akaamua kisheria. Dadu ikitoka nje ya meza mrusho haupo, kwa hiyo bado niko hai na nane yangu. Lakini lazima irudi dadu ile ile, ikaguliwe kwanza. Ukiingiza mpya katikati ya mchezo unaialika ile. Kulikuwa na ludo ya tatu ndani ya nyumba, sikuthubutu kuitaja. Nikapendekeza tusubiri kuku ajisaidie. Shemeji anayefuga akasema tutakesha: kuku hana meno, anasagia chakula kwa vijiwe vilivyomo kwenye firigisi, na kitu kigumu kikiingia humo hakina haraka ya kutoka.

Bibi akaja na kanga yake mabegani. Kuniita mume wake ni utani wa haki yake, na bei aliitaja bila utani.

"Mume wangu, tetea huyu anataga. Elfu kumi na saba."

Uwanja mzima ukaguna. Mjomba aliziba masikio akiwa amechelewa, akaninong'oneza niwahi kabla hajarudia. Nikasema, "Bibi, chukua kumi na nane!" Sijawahi kuona mtu akishusha pumzi kwa furaha namna ile kwa hela isiyo yake.

Kuku akachinjwa, firigisi ikapasuliwa. Mlikuwa na mchanga, punje za mtama, kipande cha kigae, na kifungo ambacho shemeji alikitambua kuwa cha shati lake la Idi. Dadu hakuna. Ndipo mtoto mmoja akatukumbusha kwamba kuku weusi wa Bibi ni wawili.

Bibi alikuwa ameshaelewa biashara. "Huyu wa pili," akasema polepole, akinitazama usoni, "ni elfu ishirini na sa..."

"Na nane!" nikapiga kelele.

Bibi alitokea nyuma ya nyumba baadaye, kisu mkono mmoja, dadu nyekundu mkono wa pili, imeoshwa, nukta zimefifia kidogo. Mjomba akanyoosha bakora aipokee kwa kanuni. Bibi akaipita bakora, akaiokota na ile nyeupe, akauliza, "Inatupwa hivi?" na akarusha. Mkono mmoja, maana wa pili ulikuwa na kisu. Ikagonga omo barabara. Hakuna wa kulalamika.

Tatu na nne.

Kimya. Mjomba akafumba macho. Bibi akainama mtumbwini, akahesabu nukta kwa ncha ya kisu, kwa sauti, bila kuruka hata moja, mpaka akafika.

"Saba! Si ndiyo hii mlikuwa mnaihangaikia tangu asubuhi?"

Akafagia korosho zote, za dau na za benki, akazitia kwenye upindo wa kanga, akapiga fundo. Nani amwambie kwamba hapo ndipo tunakufa wote? Mjomba, aliyezunguka bahari zote, alikuwa anachunguza kishikio cha bakora yake.

"Mume wangu," akaniita akiwa anaondoka, "twende ukale. Firigisi ni zako, zote mbili."