Huku Nalindwa na Sheria, Nyumbani Nilijulikana na Jirani

Wanaojadili Uislamu na nchi za Magharibi hukimbilia dawa moja: elimu. Mzungu afundishwe nguzo tano, aelezwe maana ya Ramadhani, na chuki itaisha. Mimi ni Mwislamu wa Tanzania ninayelea watoto wangu Uingereza, na siamini kabisa kwamba hapo ndipo penye tatizo. Jirani zetu Wakristo kule nyumbani hawakuwahi kusomeshwa dini yetu na mtu. Walitujua kwa kuwa tulizikana, tukaoana, tukawa na shangazi Mkristo na baba mdogo Mwislamu katika ukoo mmoja. Mwezi wa Ramadhani walitutania mchana kutwa na hakuna aliyenuna.

Serikali yenyewe haiulizi. Sensa ya Tanzania haijauliza dini ya mtu tangu ile ya 1967. Alipotoka Nyerere, Mkatoliki, mwaka 1985, akaingia Mwinyi, Mwislamu, na baada yake tumepata marais wa dini zote mbili. Sisemi kwetu ni peponi. Oktoba 2012 makanisa yalishambuliwa Mbagala, Dar es Salaam, na chanzo kilikuwa ugomvi wa watoto juu ya msahafu. Ujirani usiposimamiwa na sheria inayouma, unaweza kuvunjwa kwa siku moja na watu wenye hasira.

Uingereza imenipa kile ambacho ujirani hautoi. Sheria ya Usawa ya 2010 inamkataza mwajiri kunibagua kwa dini yangu. Nafanya kazi kwenye kituo cha kutunza wazee, nina chumba cha kuswalia, na ushungi wangu haujawahi kuwa hoja. Ukivuka tu bahari kwenda Ufaransa, mwanafunzi wa shule ya serikali haruhusiwi kuvaa ushungi darasani tangu sheria ya 2004. Kwa hiyo ndugu zangu mnaosema "Magharibi wanatuchukia", naomba mtaje ni nchi gani na ni sheria ipi.

Lakini sheria haikutanishi watu. Ramadhani moja nilifungua stoo ya mashuka kuchukua foronya, nikamkuta mwenzangu wa zamu amejibanza kati ya rafu anakula mkate wake. Alisimama mdomo umejaa, akaanza kuniomba radhi. Alidhani ni mwiko kwake kula mbele ya mtu aliyefunga, na aliogopa kuuliza asije akaonekana mbaguzi. Huyu ni mtu ambaye kila siku tunashirikiana kuwanyanyua wazee wale wale kitandani, yeye upande huu, mimi upande ule. Nilimshika mkono tukarudi naye chumba cha mapumziko, akamalizia chakula chake mezani.

Adabu hii ya kutouliza ndiyo inayonisumbua kuliko matusi ya barabarani. Mtu wa matusi angalau amesema. Anayenyamaza kwa heshima anabaki na maswali yake, na majibu anayapata kwenye simu usiku. Mwaka 2016 kampuni ya utafiti ya Ipsos iliwauliza Waingereza Waislamu ni wangapi nchini mwao. Kwa wastani walikisia 15 katika kila watu 100, wakati hawakufika hata 5.

Pengo hilo tuliliona Southport, mji wa kaskazini magharibi mwa Uingereza. Tarehe 29 Julai 2024 mtu mwenye kisu aliwaua watoto watatu wa kike waliokuwa kwenye darasa la dansi. Uvumi ukasambaa mitandaoni kwamba muuaji ni Mwislamu aliyeingia nchini kwa boti. Alikuwa amezaliwa Cardiff, hapa hapa Uingereza. Kesho yake jioni, huku wazazi wakiwa bado wanalia, umati ulishambulia msikiti wa mji ule. Asubuhi iliyofuata majirani walitoka na mafagio, na mafundi wakajenga upya ukuta uliobomolewa. Siku hizo hizo, Liverpool, imamu Adam Kelwick alivuka barabara na chakula mkononi akaenda kuzungumza na watu waliokuja kuandamana mbele ya msikiti. Baadhi yao walimkumbatia. Yeye hakungoja wahudhurie darsa.

Na sisi je? Nasikia Waislamu wenzangu, watu wa swala tano, wakisema Wazungu hawana dini wala familia, wazee wao wanawatupa. Nawaona mimi mabinti wanaoshuka treni kila Jumapili kuja kituoni kwetu kumchana mama nywele. Nachukia ninapotakiwa kulaani kila bomu linalolipuka duniani, mimi ambaye nchi yangu ililipuliwa Agosti 1998 pale ubalozi wa Marekani Dar es Salaam. Basi na mimi sina haki ya kumbebesha mwenzangu wa zamu vita vya Iraq.

Misikiti mingi hapa ina siku ya kukaribisha wageni. Nzuri, ila wanaokuja ni wale ambao tayari wanatupenda. Ningependa tutoke sisi: tukae kwenye kamati za wazazi shuleni, tujitolee kugawa chakula kwa wasiojiweza mtaani, na jirani akifiwa tubishe hodi bila kungoja kualikwa, kama ambavyo tungefanya Tanzania.