Kuazima siyo kukopa: Rust tuijadili kwa Kiswahili chetu

Jumamosi iliyopita tulikaa Shangani, hapa Mtwara, kwenye steshenari ya rafiki yangu, watu watatu laptopu mbili, wa nne yuko Newala tumemweka kwenye spika ya simu, na karibu saa mbili nzima tulibishania neno moja tu. Wanaojifunza Rust, ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta, mnalijua, ni lile borrow linalokutokea kila ukurasa. Sisi wote tulikuwa tunasema kukopa, mimi mwenyewe nimesema hivyo karibu mwaka mzima na kuna watu nimewafundisha hivyohivyo. Dada wa Newala akatukatisha, akasema kaka zangu hebu ngojeni, mimi nikikopa sukari dukani naenda naipikia chai, inaisha, mwisho wa mwezi nalipa hela. Nikiazima jembe kwa jirani narudisha jembe lilelile na mpini wake uleule. Sasa hiyo kompaila yenu inataka nini, sukari au jembe?

Kompaila, yaani ile programu inayokagua ulichoandika na kukigeuza kiweze kutembea kwenye kompyuta, inataka jembe. Na pale pale mambo matatu niliyokuwa nayakariri bila kuyaelewa yakakaa sawa. Ukiazima kitu mwenyewe bado yupo, huwezi kukiuza, huwezi kukitupa, na lazima kirudi mwenyewe akiwa bado yupo. Kiingereza kina neno moja kwa vitu viwili, sisi tunayo mawili, na moja kati ya hayo linaisema Rust vizuri kuliko neno la Rust yenyewe. Ndiyo maana naandika haya leo. Naamini kabisa vijana wengi wa huku wanaiacha Rust wiki ya pili siyo kwa sababu vichwa vyao vizito, ni kwa sababu hakuna aliyekaa nao akaizungumza kwa lugha wanayofikiria nayo.

Kwa ambaye ndiyo anaisikia leo, Rust ni lugha ya kuandikia vile vitu vya chini kabisa, kernel yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, brauza, data bezi, programu za vifaa vidogo, sehemu ambazo miaka yote zimekuwa za lugha kongwe za C na C++. Aliianzisha Graydon Hoare mwaka 2006 kama kazi yake binafsi, baadaye Mozilla, wenye brauza ya Firefox, wakaidhamini, toleo la 1.0 likatoka tarehe 15 Mei 2015. Tangu Desemba 2022 iko hadi ndani ya kernel ya Linux, kuanzia toleo la 6.1. Na jina lake siyo kutu ya mabati kama wengi tunavyodhani, mwenyewe alichukua kwa wale fangasi wa kutu wanaoshambulia mimea. Sisi tunaopulizia salfa kila msimu kwa ajili ya ubwiriunga kwenye mikorosho tunajua fangasi walivyo wagumu kufa, kwa hiyo jina naliheshimu.

Kwa nini ilitengenezwa? Kwa sababu ya makosa ya memori. Microsoft walisema mwaka 2019 kwamba karibu asilimia 70 ya mianya ya usalama wanayoiziba kila mwaka kwenye programu zao inatokana na makosa ya memori, na watu wa Chromium, mradi wa brauza wa Google, nao walipohesabu ya kwao makubwa wakakuta hukohuko kwenye 70. Hizo ni kampuni zenye mainjinia wa kila aina, wazoefu wa miaka mingi. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba ukiwa makini C++ haina shida, mwulize umakini wake unazidi wa hao?

Mimi shida hiyo niliiona kwa macho yangu. Miaka kadhaa nyuma niliandika programu ndogo ya C++ ya kusoma mzani wa kidigitali kwenye ghala moja wakati wa msimu. Mkulima anaandikishwa, jina linaingia kwenye vekta, yaani orodha inayokua kadiri unavyoongeza, gunia linapanda mzanini, kilo zinaandikwa mbele ya jina lake. Asubuhi ilienda vizuri tu. Ilipofika saa nne foleni imebana, karani akawa anaandikisha mtu mpya kabla wa mwanzo hajashusha gunia, na jioni tukajumlisha tukakuta mama mmoja, wa 16 kwenye orodha, ana sifuri. Mama wa watu ametoka na magunia yake alfajiri, daftari la kompyuta linasema hajaleta kitu. Bahati karani alikuwa na tiketi za mkono, kilo zake zikapatikana, lakini yule mama alisimama pale mlangoni karibu saa nzima ameshika kile kikaratasi hataki kukiachia hata nilipomwomba nikisome, akanisomea mwenyewe.

Nilitafuta kosa siku tatu. Kumbe vekta ilikuwa na nafasi 16, imejaa, mtu wa 17 alipoingia ikabidi data yote ihamishiwe sehemu kubwa zaidi kwenye memori, lakini pointa yangu, yaani kile kielekezi cha mahali kitu kilipo, ilikuwa bado imeshika anuani ya zamani ya yule mama. Mzani ukaandika kilo zake mahali ambapo hapana mwenyewe tena. Ni sawa na ghala limejaa usiku wakahamisha magunia yote kwenda ghala la pili, wewe asubuhi una karatasi inasema gunia lako liko kona ya kushoto, unaingia kwenye ghala la zamani unaweka alama kona ya kushoto. Hakuna anayekuzuia, hakuna anayepiga kelele, C++ yenyewe ilikompaili safi na ikanyamaza.

Mwaka jana nikaandika kitu kilekile kwa Rust makusudi, nikashika rekodi ya mkulima kwa `&mut`, yaani kuiazima kwa kuandika, halafu kabla sijamaliza nayo nikaita `push` ya kuongeza mkulima mpya. Ikakataa. Erori E0499, na mishale yake chini, hapa uliazima kwa kuandika, hapa unataka kuazima tena kwa kuandika, na hapa bado unatumia ile ya kwanza. Dakika moja. Nilikaa nikaitazama ile skrini nikamkumbuka yule mama.

Sasa turudi kwenye umiliki, maana hapo ndipo watu wengi wanakwama na hapo ndipo sisi wa kusini tuna mfano ambao hakuna mwalimu wa intaneti atakupa. Tazama mistari hii mitatu, `pokea` ni fankisheni inayopokea String, yaani maandishi:

let mzigo = String::from("Tandahimba");
pokea(mzigo);
println!("{}", mzigo);

Ukikompaili unapata E0382, na kila anayeanza anauliza swali lilelile, mbona mzigo sijaufuta, umeenda wapi? Jibu ni stakabadhi ghalani. Mfumo huu uko kwenye korosho zetu tangu 2007, huku hata mtoto anajua unavyokwenda. Korosho ziko ghalani, wewe una karatasi. String ya Rust iko hivyohivyo, maandishi yenyewe yamekaa kwenye hipu, sehemu moja ya memori, huko ndiko ghalani, na wewe mkononi una kikaratasi chenye vitu vitatu tu: mahali mzigo ulipo, ukubwa wake, na nafasi iliyotengwa. Ukiita `pokea(mzigo)` umekabidhi karatasi. Magunia hayajasogea hata hatua moja, ila wewe karatasi huna tena, kwa hiyo mstari wa tatu unaposema nionyeshe mzigo, kompaila inakuuliza kwa karatasi ipi?

Na kwa nini isiruhusu karatasi mbili za mzigo mmoja? Hapa nawauliza wenye kujua kangomba. Mtu ameuza korosho tangu ziko maua, amechukua hela ya mchuuzi, msimu ukifika gunia lilelile analipeleka chama cha msingi. Wenye gunia wawili, na ugomvi wake mnaujua. Kwenye C ugomvi huo ni sehemu mbili za programu zinaachia memori ileile, na hapo mtu mwenye nia mbaya anaweza kuingilia mlango huo. Rust inasema mwenye mali mmoja, akiondoka na mali inaachiwa, basi. Ndiyo maana huko kutoa karatasi, Rust inakokuita move, mimi nimeacha kuiita kuhamisha, naiita kukabidhi, maana mzigo hauhami, kinachohama ni haki.

Namba ni habari nyingine. `let kilo = 80;` ukiipeleka kwenye fankisheni bado unayo, kwa sababu ni kama kumtajia mtu namba yako ya simu, umeitaja na wewe bado unaikumbuka. Hilo halina ugumu, tupite.

Kuazima nako kuna aina mbili na daftari la karani linatosha kuzieleza. Watu kumi wanaweza kulichungulia kwa pamoja, hiyo ni `&`. Karani akishika kalamu kuandika, hiyo ni `&mut`, wote mnasogea pembeni, hakuna mwingine wa kuandika na hakuna wa kusoma mpaka amalize. Nimewaeleza hivi vijana wawili wa Masasi ambao hawajawahi kugusa C, wakaelewa siku hiyohiyo, na mmoja akanirekebisha mfano wangu, akasema kaka, hata kusoma haifai wakati anaandika kwa sababu unaweza kusoma tarakimu nusu. Ni kweli kabisa, na ni moja ya sababu halisi.

Kitu kinachoniumiza ni namna tunavyojibizana. Mtu anauliza swali la kwanza kabisa, anaambiwa kasome dokumentesheni. Anaondoka. Jamani, dokumentesheni ni ya Kiingereza cha kitaalamu, huyu Kiingereza amekisoma kwa kukaririshwa, na hata hivyo amejitahidi akafika hapo, halafu unamfukuza? Mjibu. Kama huna muda mwambie huna muda, kesho nitakujibu. Na wewe unayeuliza, leta erori nzima, siyo picha ya simu imekatwa katikati inaonyesha mstari mmoja mwekundu, maana kompaila ya Rust tofauti na nyingine nyingi inakueleza sababu na mara nyingi inakupa na njia ya kurekebisha, iko kwenye ile mistari ya chini mnayoikata. Kwenye ule mfano wa mzigo ilikuwa imeandika wazi kwamba kama `pokea` haihitaji kumiliki basi ibadilishe iazime tu. Na ukiandika `rustc --explain E0382` inakupa maelezo marefu na mfano.

Wengine wanawacheka wanaoanza kwa kuweka `.clone()` kila mahali. Mimi sikubaliani nao. Clone ni kutengeneza mzigo wa pili kamili na karatasi yake ya pili, ni gharama, sawa, lakini mtu anayejifunza mwache programu yake itembee kwanza apate moyo, kuziondoa atajifunza mwezi ujao.

Kuhusu laptopu, yangu ina ramu ya GB 4 na inafanya kazi, msidanganywe. Wakati unaandika tumia cargo, chombo kinachokuja na Rust, kwa `cargo check`, inakagua tu bila kujenga programu nzima, inaokoa muda mwingi, `cargo build` iache mpaka unataka kuiona inatembea. Lile folda la target, ambamo cargo inaweka inachojenga, linavimba hadi magigabaiti, `cargo clean` lisafishe. Na ukishainstoli Rust ile ya kawaida kwa rustup andika `rustup doc`, dokumentesheni yote na kitabu chake vinafunguka kwenye brauza bila bando hata kidogo. Mei 2024 zile kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikawa shida nchi nzima, mimi nilisoma sura mbili ambazo nilikuwa nazikimbia, maana hakukuwa na kitu kingine cha kufungua.

Kuna watu nawaheshimu wananiambia unapoteza muda, lugha ya kazi ni Kiingereza, watakaoajiriwa wataulizwa kwa Kiingereza. Nawaelewa. Lakini sijasema tutafsiri kompaila, `let` ibaki `let` na `mut` ibaki `mut`. Nasema kueleweshana. Mtu akishaelewa kwa Kiswahili kwamba ni jembe, Kiingereza chake kwenye usaili kitakuwa cha mtu anayejua anachosema. Aliyekariri anaonekana swali la pili tu. Na sisemi kila mtu aandike Rust, kama unatengeneza tovuti ya duka la nguo hapo Ligula baki na PHP yako inakutosha, lakini anayetaka kugusa mizani, vihisi vya ghalani, vifaa vya kupima unyevu wa korosho, huyo namwomba sana aanze nayo.

Tulichoshindwa Jumamosi ni kutafuta jina la lifetime, lile jambo la kitu kilichoazimwa kinaweza kutumika mpaka lini. Mmoja anataka tuseme uhai, mimi nakataa kwa sababu mtu akisikia uhai atadhani akiandika `'a`, ambayo ndiyo alama yake, amerefusha maisha ya kitu, wakati ile alama hairefushi chochote, inamweleza kompaila tu kwamba hiki kilichoazimwa kinategemea kile. Nikapendekeza muda wa kuazima, wenzangu wakasema ni refu. Tukiwa bado tunavutana dada wa Newala akauliza kwenye spika, na kama jembe liko kwangu na jirani anamkabidhi mtu mwingine shamba na vyombo vyote leo jioni, inakuwaje? Hakuna aliyemjibu kwa mdomo. Tukaandika mistari mitano, mwenyewe anakabidhi, halafu mimi najaribu kulitumia jembe lake, tukakompaili. E0505, jirani hawezi kukabidhi wakati jembe bado liko mkononi kwangu. Tukamsomea. Akasema haya, sasa muda huo kati ya kulichukua na kulirudisha ndio mnaoutafutia jina, na bando lake likaisha hapo.